Minyororo ya Kikapu cha Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa macho ameniambia ninunue daftari, kila siku niandike nilichokiona na nilichokikosa. "Usitie chumvi, baba," akasema, "na usinifiche kitu." Nimeandika maisha yangu yote, miaka thelathini na minne ya brashi na ngazi: milango ya maduka, ubavu wa malori, kuta za shule. Lakini yote yalikuwa maneno ya watu wengine. Haya ya kwangu hayana hata mteja.

Haya basi, niseme kweli, maana daftari halina mdomo. Nina presha ya macho. Jicho la kushoto limeshastaafu. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Daktari anataka kulifanyia upasuaji kabla mvua za masika hazijakatika, ili kilichobaki kibaki. Kilichopotea ndiyo basi. Akasema nije na mke wangu tuzungumze sote watatu. Nikamwambia mke wangu yuko safarini. Mama Pacha wakati huo alikuwa nyumbani anapiga pasi mashati yangu.

Nikimwambia, kesho ngazi yangu inatiwa kufuli. Na upasuaji nao nauogopa. Daktari alisema mara chache mambo huenda kombo, na tangu hapo sikusikia neno jingine ila hilo "mara chache".

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Nimeona: matone kwenye kioo cha karakana, moja moja. Nimekosa: kizingiti cha jikoni. Kidole gumba ndicho kilichokiona.

Jumamosi, 8 Machi

Leo ni siku ya visahani. Nieleze, maana daktari atasoma na huenda hajui. Kwenye bustani ya umma nyuma ya karakana yangu kuna vikapu tisa vya chuma, kila kimoja juu ya nguzo yake, na minyororo inaning'inia juu ya kikapu. Unasimama kwenye bamba la saruji unarusha kisahani cha plastiki. Kikigonga minyororo kinaishiwa nguvu na kuangukia kikapuni. Aliyemaliza vikapu vyote kwa mirusho michache ndiye mshindi. Watu wa manispaa walivisimika, na namba za kwenye nguzo za kuanzia, kando ya kila bamba, nilizichora mimi. Ile mbili yangu ina shingo nzuri kuliko mbili yoyote mjini.

Tunacheza mimi na rafiki yangu Kinyozi kila Jumamosi asubuhi, mwaka wa sita huu. Wapita njia wanatucheka, wazee wawili wanaokimbizana na sahani. Na wacheke.

Ila Kinyozi siku hizi kanichosha. Zamu yangu ikifika, yeye hutangulia hadi kwenye kikapu, anaegemea nguzo, anaanza kuchezea minyororo. Cheng, cheng, cheng.

"Wee, mbona unatingisha? Narusha!"

"Nimejishikiza tu, Fundi. Mgongo huu."

"Nenda kajishikize kwenye mti!"

Akacheka, na kwenye kikapu kilichofuata akafanya vilevile. Mwaka juzi alikuwa akisimama kando kama mtu aliyelelewa. Sijui adabu zimemtoka lini.

Kikapu cha tisa kiko ng'ambo ya bwawa, hatua hamsini hivi juu ya maji. Sijawahi kukipata kwa mrusho mmoja, na Kinyozi pia hajawahi. Leo ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Kisahani changu cheupe kilitoka mkononi, kikapotea, kikaonekana tena mbali sana kinaelea polepole kama hakina haraka ya kwenda popote, kisha kikapotea kabisa. Nilikipenda sana kile kisahani dakika ile. Mirusho minne. Kinyozi mitatu.

Jumatano, 12 Machi

Kuna mtu anachukua rangi yangu nyeupe. Kopo nililifungua wiki iliyopita, na leo limefika nusu. Mama Pacha anasema labda panya. Panya mchora mabango!

Jumamosi, 15 Machi

Ukungu tena, mzito, na mvua ya rasharasha. Kwenye ukungu mimi na Kinyozi tuko sawa, hakuna anayeona. Ndiyo maana naupenda. Siku hizi kwangu watu hawaji, wanatokea: hakuna mtu, hakuna mtu, halafu uso mzima mbele yako unakwambia habari za asubuhi. Mtunza bustani alitokea hivyo karibu na kikapu cha tatu na reki yake. Nikaruka. Akaniomba radhi mara mbili, maskini, na kosa si lake.

Cheng, cheng, cheng, Kinyozi yuko kazini. Nikamwambia nitamnunulia njuga avae miguuni. Akasema saizi yake ni arobaini na tatu.

Ajabu ni kwamba leo nimemshinda kwa mirusho miwili.

Jumapili, 16 Machi

Nimeona: mstari mweupe ukingoni mwa kizingiti cha jikoni. Nilidhani ni mwanga wa mlangoni. Nimeuvuka vizuri tu.

Jumatano, 19 Machi

Aibu. Nilikuwa naandika ukuta wa duka la dawa, herufi kubwa za kijani. Nikapiga kamba ya chaki, nikapanda ngazi, nikapima kwa shubiri kama siku zote. Mkono wangu haukosei, ila ukuta ulikwisha nami sikujua. Herufi ya mwisho nikaimalizia kwenye fremu ya mlango wa jirani, fundi viatu. Alitoka akatazama juu, akasema, "Mzee, na mimi sasa nauza dawa?"

Nikacheka naye. Nikamwambia nilikuwa nawaza mbali. Nikasugua fremu yake kwa mafuta ya taa hadi vidole vikawaka. Nilipokuwa nashuka, ngazi ikayumba. Wote waliokuwa hapo wakajitia hamnazo, na hilo liliniuma kuliko kama wangenicheka.

Nikarudi nyumbani. Kikombe changu kilikuwa mahali pake, pembe ya kulia ya meza, mkono wake ukielekea kwangu. Mama Pacha akaniuliza ukuta umekwendaje. Nikasema safi.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua kubwa. Hatukucheza.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekwenda bustanini peke yangu kuzipaka upya zile namba, manispaa wameomba. Ile tisa nimeipaka tabaka saba. Moja likikauka, jingine juu yake, siku nzima, mtunza bustani akinishikia mwavuli na kunisimulia habari za mizizi. Sasa imevimba. Ukifumba macho na kupitisha kidole, unaisoma. Nimesema ni kwa ajili ya mvua.

Ijumaa, 28 Machi

Daktari amepiga simu. Sikupokea.

Jumamosi, 5 Aprili

Mistari ikipanda na kushuka, daktari atanisamehe.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Jua lilipenya kidogo kati ya mawingu, majani yanang'aa, na bustani nzima ilikuwa inatoa mvuke. Nilikuwa nimetulia moyo kama sijaugua. Vikapu vitatu vya kwanza nikaenda sawa na Kinyozi. Cha nne kiko mwisho wa uwanja mrefu, na kushoto kwake panapita njia ya miguu. Kinyozi akatangulia, cheng, cheng. Nikavuta mkono.

Nikasikia anapiga kelele, "Subiri! Fundi, subiri!"

Nikadhani ni yale makelele yake. Mungu wangu, nikadhani ni yale makelele yake, na nikarusha kwa nguvu zaidi ili nimkomoe.

Haikuwa sauti ya minyororo. Ilikuwa sauti ndogo tu, na mwavuli uliodondoka. Halafu nikasikia Kinyozi anakimbia, yeye mwenye mgongo mbovu. Nami nikakimbia kuelekea sauti, nikajikwaa, nikainuka, nikajikwaa tena. Kisha uso ukatokea. Mama Pacha. Alikuwa amekaa kwenye majani, mkono juu ya paji la uso, damu inapita kati ya vidole. Alikuwa ameniletea mwavuli kwa sababu aliona wingu. Alikuwa kwenye njia, wazi kabisa, kwenye upande wangu wa kushoto, mahali ambapo kwangu hapapo.

"Hukuniona," akasema. Hakuwa ananiuliza.

Zahanati wamemshona nyuzi tatu juu ya nyusi. Muuguzi akamuuliza nani kakupiga, mama, na akanitazama mimi. Nikasema ni mimi. Mama Pacha akasema, "Ni mchezo, mwanangu, mume wangu anacheza visahani." Muuguzi hakuamini, na sikumlaumu.

Njiani kurudi aliniongoza kwa kiwiko, kama vile mimi ndiye niliyeshonwa. Nilijua nikifungua mdomo nitalia barabarani.

Jumapili, 6 Aprili

Nimesema. Nilianza na neno "presha", nikakwama. Mama Pacha alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja.

"Umejua tangu lini?" nikamuuliza, maana uso wake haukushtuka hata kidogo.

"Tangu ulipoanza kumimina chai nje ya kikombe na kusema meza imeinama."

"Ile chai ya mwaka jana?"

"Mwaka jana. Baba Pacha, unadhani vizingiti vyote vya nyumba hii vimejipaka rangi vyenyewe?"

Lo! Kopo langu. Panya wangu. Nikainuka, nikazunguka nyumba nzima nimeinama kama mtu aliyedondosha shilingi. Kizingiti cha jikoni, cha chumbani, cha bafuni, ngazi mbili za uani. Kila ukingo una mstari mweupe, mnene, uliopinda. Kazi mbovu kabisa, mistari ya mtu asiyejua kushika brashi. Nikakaa kwenye ngazi ya uani nikalia.

Akaja akakaa karibu nami. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Siwezi kukunyang'anya siri kama mtoto aliyeshika wembe." Akagusa bandeji yake. "Ila nimengoja vibaya. Jana umelikosa jicho langu kwa upana wa kidole. Lingetoka hilo, mimi na wewe tungebaki na mawili, na moja lenyewe bovu."

Nikacheka nikilia. Nikamwambia naogopa. Nikamwambia lile neno la "mara chache". Akasema na yeye anaogopa, na kesho ngazi inakwenda kwa yule fundi viatu, ameshaongea naye.

Jumatano, 9 Aprili

Kwa daktari, sote wawili. Daktari akamwambia Mama Pacha, "Karibu, mama, pole na safari." Mama Pacha akanigeukia polepole sana. Sitaandika alichoniambia nje.

Upasuaji ni Jumanne.

Jumamosi, 12 Aprili

Hatukucheza. Nilikwenda kukata nywele, nisiingie hospitali kama mkimbizi. Kinyozi alikuwa kimya kama maji ya mtungini. Alinifunga kitambaa, akachukua mkasi, akakata nusu ya kichwa bila hata umbea mmoja. Hapo nikajua ana jambo.

"Fundi," akasema, "Jumamosi ile ni mimi niliyechelewa kupiga kelele."

"Ulipiga. Nilikudharau."

Mkasi ukaendelea. Nikaona afadhali niulize. "Ile minyororo. Mgongo wako haukuumi, sivyo?"

"Mgongo wangu mzima kabisa."

"Ulijua?"

Akasimamisha mkasi. "Mwaka jana, mwezi kama wa sita. Nilimaliza kukukata, nikainua mkono nyuma ya kichwa chako ili ujione kisogo, nikakuuliza, umependa, Fundi? Ukajitazama kwa makini, ukasema, safi sana, hapo nyuma leo umepatia." Akapumua. "Kioo nilikuwa nimekisahau mezani. Nilikuwa nimeinua mkono mtupu."

Mteja aliyekuwa anangoja kwenye benchi akakohoa, akainua gazeti.

Mwaka mzima! Mwaka mzima kila Jumamosi mtu huyu amekwenda mbele yangu, vikapu tisa, mvua na jua, akatingisha minyororo ili nijue pa kutupia. Nami nikamwita hana adabu. Nikamwambia kuhusu njuga. Na siku nilizomshinda nikatembea na kifua mbele hadi nyumbani.

Nilitaka kumwambia kitu kizito. Nikasema, "Kile kioo sasa kiko wapi?"

Akakileta. Akakishika mbele yangu, karibu kabisa, hadi nikajiona: pua, kisha mdomo, kisha jicho, kwa zamu.

"Upande wa kulia umekata vibaya," nikamwambia.

"Nilikuwa nalia, Fundi," akasema.

Jumanne, 15 Aprili

Alfajiri. Nimeona: mikono yangu. Nimeitazama sana.

Jumatano, 16 Aprili

Anaandika Mama Pacha, kwa kuwa mwenyewe amefungwa jicho na ananitajia maneno kutoka kitandani kama hakimu. Anataka niandike kwamba hajaona kitu chochote. Anataka niandike kwamba muuguzi wa zamu anavaa viatu vinavyolia na kwamba mvua inanyesha upande wa choo. Anataka niandike pia kwamba hakuogopa. Hilo siliandiki, nilikuwepo.

Alhamisi, 17 Aprili

Wamefungua. Mwanga, na katikati ya mwanga kitu cheupe chembamba. Bandeji ya Mama Pacha. Daktari anasema tusubiri.

Jumamosi, 3 Mei

Mama Pacha amenikatia kadibodi yenye mwanya mmoja mrefu. Naiweka juu ya ukurasa na kuandika ndani ya mwanya. Mistari yangu imenyooka tena. Mwanya nao ameukata umepinda kidogo, basi na mistari imenyooka kwa kupinda.

Nimeanza kumfundisha kushika brashi. Ana mkono mzito na mdomo mwepesi. Fundi viatu ametuagiza kibao kidogo, cha kutundika chini, bila ngazi.

Jumatatu, 12 Mei

Daktari amepima, akapima tena. Kilichobaki kimebaki. Ni duara dogo, upana wa sahani ya kikombe. Ndani yake namwona Kinyozi uso bila masikio, na nimemwambia hajapoteza kitu. Nimeruhusiwa kutembea, na kurusha kidogo, taratibu.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua zinaaga. Leo imekuja moja ya mwisho, nyembamba, ya kuaga tu, kisha ukungu ukashuka bustanini, na tukaingia ndani yake sote watatu. Mtunza bustani alikuwa mahali fulani na reki yake, nilimsikia.

Sikutaka vikapu vyote. Nilitaka cha tisa.

Mama Pacha akanifikisha kwenye bamba la saruji, akanigeuza mabega hadi akaridhika. Nikapitisha kidole kwenye nguzo ya kuanzia, na ile tisa ya tabaka saba ilikuwepo, imenona. Kinyozi akazunguka bwawa. Nilimsikia anavyokwenda, majani yenye maji, kokoto, majani tena. Mbele yangu palikuwa na weupe mtupu. Hata kama ningekuwa na macho ya mtoto, nisingekiona kikapu.

"Niko hapa, Fundi!" Na bila aibu, bila mgongo wa kusingizia: cheng, cheng, cheng. Kisha akanyamazisha minyororo kwa mikono yake.

Nikarusha.

Kulikuwa na kimya kirefu. Nilikuwa nimetulia ndani yake, kana kwamba kisahani kinaelea mahali fulani na hakina haja ya kutua. Halafu nikasikia maji yakisema neno moja dogo. Halafu minyororo ikalia, kwa kishindo, na Kinyozi akapiga kelele ng'ambo, "Kimeingia! Kimeingia, Fundi! Mrusho mmoja! Miaka sita, umekipata!"

Mama Pacha alikuwa amenishika mkono. Vidole vyake vilikaza.

Nimeisikiliza minyororo ile mwaka mzima, hata nilipodhani naichukia. Kisahani kikiigonga, inatoa mlio mmoja mfupi, na hapohapo kisahani kinaangukia kikapuni, ko. Mkono wa mtu ukiitingisha, mlio unaanzia upande mmoja na kuendelea. Huu ulianzia kushoto, ukaendelea, ukaendelea. Na ile ko haikuja.

Ningeweza kunyamaza. Mwezi wa tatu ningenyamaza, ningerudi nyumbani kifua mbele, ningeandika humu kwa herufi kubwa. Kinyozi alikuwa bado anashangilia kule kwenye ukungu, peke yake, kwa ajili yangu, na nilimpenda hadi kifua kikaniuma.

Nikaweka mikono mdomoni.

"Kinyozi! Kioo kiko mezani!"

Ng'ambo pakawa kimya. Nikaanza kuogopa kuwa nimemuumiza. Kisha nikasikia anacheka, kwanza kidogo, halafu akacheka hadi akakohoa, na Mama Pacha naye akaanza, hadi ikabidi ajishikize begani kwangu.

"Kimezama!" akaita. "Hatua tatu tu, Fundi! Hatua tatu kutoka ukingoni!"

"Basi tingisha tena!"

Cheng, cheng, cheng. Mama Pacha akanitia kisahani kingine mkononi.

Nimeona: Mama Pacha mzima, kwa kugeuza kichwa polepole, kutoka kovu la nyusi hadi kidevu. Nimekosa: kikapu cha tisa, mara nne, na zote nne nimeambiwa ukweli.